Kuoana Nakuru Bila Kukopa

Ukitaka kujua harusi itakula pesa ngapi, usianze na gauni wala keki. Hesabu vichwa. Tuseme mpishi wa kukodi anatoza shilingi 600 kwa sahani. Wageni 400 ni shilingi 240,000, na hapo hujakodi kiti hata kimoja. Wageni 120 ni shilingi 72,000. Pengo la shilingi 168,000 linaweza kulipa kodi ya nyumba kwa miezi mingi Nakuru, na bado hatujagusa hema, soda, sahani, wala gari la kuwabeba hao 280 waliozidi. Ndiyo maana maharusi wanaobana maua na kukodi gauni la bei nafuu, huku wameiacha orodha ya wageni ijinyooshee miguu itakavyo, hufika siku yenyewe hawana maua wala akiba.

Nimeketi katika kamati za harusi kuanzia Lanet hadi Njoro, na msimamo wangu ni huu: katika Bonde la Ufa la kati, harusi ya pesa kidogo haina sababu ya kuonekana ya kimaskini. Viazi ni vyetu. Kondoo wanatoka Molo, mbuzi wanashuka kutoka Baringo, waridi linakuzwa Naivasha, na nafasi ya kusimamisha hema ipo. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lakini ukipanda matatu, muda si muda uko shambani. Majirani wanaojua kusonga sufuria ya watu 200 bado wapo, na wengi wao huona fahari kuitwa. Kinachotufilisi ni vile tunavyoagiza kutoka mbali ili tufanane na picha tulizoziona kwenye simu.

Turudi kwenye vichwa, maana hapo ndipo pana vita. Kwetu mgeni wa harusi hangoji kualikwa. Anajihesabu kuwa na haki. Kwa hiyo usimwambie mama yako achague wageni wake, kwa sababu atachagua mtaa mzima na kwaya yote. Mpe nambari. Mwambie, kwa heshima na mapema, kwamba ana viti 25, na mama wa upande wa pili ana 25 vilevile, na nyinyi wawili mna vyenu. Akiongeza mmoja, aondoe mmoja. Wazazi wengi hulalamika wiki moja kisha huanza kuikata orodha kwa ukali ambao nyinyi msingeuthubutu.

Punguzeni kwa usawa. Huku kwetu Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Mluhya, Mkisii na Mturkana wanapanga ploti moja, na ndoa za makabila mawili ni za kila Jumamosi. Baada ya machafuko ya baada ya uchaguzi tuliyoyaona hapa mwanzoni mwa 2008, sina haja ya kueleza kwa nini wazee 60 wa upande mmoja na 10 wa upande wa pili watahesabiwa kimyakimya na kila aliyeketi chini ya hema. Mkiona viti havitoshi, ni heri muwaache marafiki wa kazini kuliko kuuacha ukoo mmoja ukijihisi umekuja kutazama harusi ya wengine.

Halafu kuna kanisa. Mlango wa ibada haufungiwi mtu, na waumini wa Jumapili watakuja. Njia ninayoipenda ni kutenga ibada na chakula: baada ya misa au ibada, chai na mandazi nje ya kanisa kwa kila aliyekuja, picha, vigelegele, kisha waliopewa kadi waende mezani. Chai ya watu 300 haifikii hata robo ya gharama ya chakula chao cha mchana, na hakuna atakayerudi nyumbani akisema aliondoka kavu. Wenye ujasiri zaidi huiondoa meza kabisa: ibada saa nane mchana, chai nzito saa kumi, keki, dua, kwaheri. Mradi tu kadi iseme wazi, "Ibada saa nane, chai saa kumi", ili watu wapitie jikoni kwao kabla ya kutoka. Mgeni hukasirika alipoahidiwa pilau akakuta biskuti. Aliyeahidiwa chai akapewa chai pamoja na sambusa husifu.

Sasa pesa. Kamati ya watu saba inatosha. Kamati ya watu 30 ni karamu nyingine inayofanyika kila wiki, na kabla ya harusi mtakuwa mmeshalisha watu chai na chipsi za kutosha kununua mbuzi. Wagawieni kazi waziwazi: mmoja chakula, mmoja hema na viti, mmoja usafiri, mmoja ibada na karatasi za serikali, na mhazini. Bwana harusi asiwe mhazini. Wala bi harusi asiwe. M-Pesa, tangu ianze mwaka 2007, imerahisisha mchango hadi shangazi aliye Kuresoi anatuma bila kupanda gari, lakini imerahisisha pia kuchanganya pesa ya harusi na pesa ya sukari. Mhazini atenge laini yake maalumu, na kila Jumapili jioni aweke kwenye kundi la WhatsApp nani ametuma nini na nini kimelipwa. Minong'ono mingi ya harusi hupona kwa dawa hiyo moja.

Kuhusu harambee ya kabla ya harusi, yenye mnada wa keki na mfawidhi anayewabana watu mpaka watoe, nitasema ninachoamini: watu wamechoka. Simu moja ina kundi la mazishi, la hospitali, la karo na la harusi tatu. Ukimwomba mtu kama huyo shilingi 5,000 atakuahidi, na ahadi haichemki jikoni. Mkifanya bajeti, hesabuni pesa iliyokwisha kuingia tu. Ahadi zikija zitanunua nyongeza. Lakini ukimwomba mtu huyohuyo alete kreti tatu za soda, au gunia la viazi kutoka shambani kwake Molo, au gari lake kwa saa nne, mara nyingi atafanya zaidi ya ulivyomwomba, kwa sababu siku ya harusi ataiona zawadi yake kwa macho. Andikeni orodha ya vitu vinavyohitajika, kila kimoja kivyake, na kila jamaa achukue mstari wake. Mkopo wa simu, ule wa riba inayohesabiwa kwa siku, msiuguse. Kama harusi haiwezekani bila huo mkopo, basi harusi hiyo ni kubwa mno.

Mwaka 2017 wenzi wawili wa Kasarani, Nairobi, walizungumzwa dunia nzima kwa kufunga ndoa kwa shilingi 100, bei ya pete mbili za chuma, wakiwa wamevaa nguo za kawaida. Walikuwa wameshaahirisha harusi kwa kukosa pesa. Wafadhili waliguswa wakawaandalia sherehe ya mamilioni siku ya Wapendanao. Wanaosimulia kisa hicho leo husimulia zile pete. Sijakutana na mtu anayekumbuka bustani ya sherehe ya pili ilipambwaje. Ila msiige kisa hicho mkitarajia wafadhili.

Tarehe ni pesa pia. Desemba na Agosti shule zimefungwa, jamaa wa mbali wako nyumbani, na kila mwenye hema, kamera au spika anajua hivyo. Bei hupanda na hakuna nafasi ya kujadiliana. Agosti ina hila yake nyingine kwa upande wetu. Jirani kutoka Nairobi atakwambia ni mwezi mkavu wenye baridi, lakini Nakuru, Njoro na Molo hupata mvua nzuri Agosti, na hushuka alasiri, wakati wa kukata keki. Machi mwishoni hadi Mei ni masika. Januari ni kavu na watoa huduma wanakaa bila kazi, ila wageni wako katika Njaanuari, wamelipa karo na nauli, na mchango utakuwa wa sarafu. Kama mnajitegemea bila mchango, Januari ni mwezi wenu. Wengine waangalie Februari baada ya tarehe 14, waridi likiwa limeshuka bei na mvua haijaingia, lakini wamuulize kwanza padri au mchungaji: Kwaresima mara nyingi huanza wakati huo, na makanisa kadhaa hayapendi kufungisha ndoa humo. Waislamu nao wataitazama Ramadhani. Na siku isiwe lazima Jumamosi. Ijumaa mwenye hema atakusikiliza kwa sikio tofauti.

Mahali pazuri kuliko pote ni pale ambapo ibada, chakula na picha viko umbali wa kutembea. Kila mara msafara unapopanda magari mnalipa mafuta, mnapoteza saa, na wazee wanne wanapotea njiani. Uwanja wa kanisa, ukumbi wa parokia, shule ya msingi wakati wa likizo, au boma la wazazi Bahati, Rongai au Subukia: chochote kati ya hivi kitapendeza kikipambwa kwa akili. Mkichagua nyumbani, kagueni mambo manne mapema. Choo, kwanza kabisa. Choo kimoja kwa watu 120 ni aibu, na vya kukodi vinapatikana. Maji, ya tangi zima na si ya mtungi. Pa kuegesha magari bila kukanyaga mahindi ya jirani. Na ardhi yenyewe: udongo wetu wa majivu ya volkano ukikauka ni vumbi jepesi linalopanda hadi kwenye shela, kwa hiyo mwageni maji asubuhi na mapema, na mvua ikinyesha mtahitaji nyasi kavu au maranda ya mbao chini ya hema. Mkiwa mtaani, Free Area au Section 58, mwambieni chifu na wazee wa Nyumba Kumi kabla ya kuziba barabara kwa hema na kufungulia spika.

Hoteli msizikatae kwa woga. Nyingine zina bei moja inayojumuisha ukumbi, viti, chakula na mapambo, na kwa harusi ya watu 60 bei hiyo huweza kuishinda ile ya nyumbani ukijumlisha kila kitu kwa haki. Jumlisha, usikisie.

Na kama moyo umependa ngome ya Lord Egerton kule Ngata, kwenye njia ya Njoro, nendeni, lakini kama wageni wa picha. Bwana huyo alianza kuijenga mwaka 1938, vita vikamkatiza, akaimaliza 1954, nyumba ya vyumba zaidi ya 50. Watembezaji wa pale husimulia kwamba aliijenga ili ampendeze mwanamke aliyemtaka, naye mwanamke akaikataa ngome na mjengaji wake. Egerton alifariki mwaka 1958 bila mke. Leo maharusi huenda kupigwa picha mlangoni mwa nyumba ambayo haikupata harusi yake.

Chakula ndicho nitakachokaa nacho, maana ndicho kitakachozungumzwa. Kwa wageni 120, menyu ya vyakula sita vilivyoiva vizuri hushinda ya vyakula kumi na viwili vilivyopoa. Pilau, mukimo, chapati, nyama ya mchuzi, kabichi na kachumbari: hapo mmemaliza. Wali mweupe wa nini tena pembeni ya pilau? Kilo moja ya mchele wa pilau hulisha watu wanane pakiwa na vyakula vingine, kwa hiyo kilo 15 zinatosha, na 18 mkiogopa. Gunia moja la viazi la kilo 50 litatoa mukimo wa kutosha na mengine yabaki kwa nyama. Chapati ni kazi, si gharama: pakiti ya unga ya kilo mbili hutoa chapati 20 na ushei, basi pakiti nane zitawapa kila mgeni moja, na vijana wenye tamaa mbilimbili. Akina mama wa chama hupika chapati usiku wa kuamkia harusi, wakicheka na kuimba, na usiku ule mara nyingi ni mtamu kuliko harusi yenyewe. Msiwanyime unga wa kuchezea.

Nyama ndiyo inayovunja mifuko. Mbuzi mkubwa hutoa kilo 12 hadi 15 za nyama pamoja na mifupa. Wawili wanatosha watu 120 nyama ikiwa ya mchuzi na viazi, si ya kuchoma. Ya kuchoma husinyaa motoni, na kila mtu huanza kuvizia jiko. Nendeni wenyewe kwenye soko la mifugo upande wa Mogotio wiki mbili kabla, na mtu anayejua kuangalia meno, mnunue, muwalishe nyumbani. Msinunue Desemba wiki ya Krismasi. Siku ya kuchinja mwiteni mkaguzi wa nyama; ada yake ni ndogo, na hakuna harusi inayosahaulika polepole kama ile iliyowapeleka wageni hospitalini. Matumbo, kichwa na miguu si takataka: supu ya asubuhi kwa wapishi, wapambaji na waliokesha hutoka hapo.

Mboga msinunue dukani. Viazi na kabichi za Dundori, Molo na Kinangop hufika soko la Wakulima mjini alfajiri, na anayefika saa kumi na moja hununua kwa bei nyingine kabisa na ya mwenye duka wa saa tatu. Anayetoka Nairobi asimame Soko Mjinga, barabarani kabla ya kuteremkia Bonde, ajaze buti. Nyanya na vitunguu nunueni siku mbili kabla, dania asubuhi ileile. Kuni kavu zitafutwe mwezi mmoja kabla, zianikwe. Kuni mbichi huchelewesha pilau kwa saa mbili na mfawidhi akaanza kuwachekesha watu wenye njaa.

Mpishi mkuu awe mmoja, alipwe, na amri zake zisikiwe. Wanaojitolea wote wawe chini yake. Hapa msibane pesa. Mpishi wa sufuria kubwa anayejua kipimo cha chumvi ya watu 120 huokoa zaidi ya ujira wake, kwa sababu hachomi pilau na hapiki kilo 30 pale 15 zinapotosha. Na wakati wa kugawa, chakula kigawiwe na watu wa kupakua, si kila mtu ajipakulie. Kilichobaki wapewe walioosha vyombo, kabla ya jamaa wa mbali kufungua mifuko.

Mila ni mahali ambapo pesa hupotea mara mbili bila mtu kuona, maana wengi hufanya sherehe nzima ya kimila, halafu nyingine nzima ya kizungu, kila moja na hema, ng'ombe na kamera yake. Ruracio na ngurario upande wa Wakikuyu, koito upande wa Wakalenjin, kila moja ni sherehe kamili. Shauri langu ni mchague moja iwe kubwa, nyingine iwe ya wazee na chai. Wapo wanaofanya ngurario asubuhi na baraka za mchungaji alasiri, hema lilelile, pilau ileile. Wazee wakishirikishwa mapema hukubali kuliko mnavyodhani. Mtumeni mshenga mwenye ulimi mzuri azungumzie jambo hili kabla ya mahari kutajwa. Pesa zikishawekwa mezani, hakuna anayesikiliza mipango.

Sheria nayo imewaegemea wenye mfuko mwembamba, ingawa wachache wanajua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, kifungu cha 43, inasema kwamba pale mila inapodai mahari ili ndoa ithibitike, sehemu ndogo tu ya mahari ikitolewa kama ishara inatosha. Inasema pia ndoa ya kimila inaweza kufuata desturi za jamii ya mmoja wenu au zote mbili. Sikuambii umkunjie mkwe karatasi ya sheria usoni. Nakuambia usikope ng'ombe kumi ukiamini bila hao hujaoa.

Tena mila ina mapambo yake ya bure, na sioni kwa nini tuyaache tukanunue ya plastiki. Wakipsigis walikuwa wakifungana mkononi nyasi ya segutiet, na kwa hiyo ndoa ikafungwa. Sinendet, mtambaazi ule wanaovishwa wanariadha wakirudi na medali, ukiwekwa shingoni mwa bwana harusi unapendeza kuliko taji lolote la dukani. Kibuyu cha mursik kikipita kati ya wazee wa pande zote mbili, Mkikuyu akinywa na kukunja uso, watu wakacheka, mmepata picha ambayo hakuna mpambaji anayeweza kuiuza. Ila mursik huandaliwa siku nyingi kabla. Mwambieni nyanya mapema.

Karatasi. Kama mnaenda kwa Msajili wa Ndoa, Nakuru kuna ofisi, na maombi hupitia eCitizen. Hamna haja ya safari ya Nairobi. Taarifa ya nia ya kuoana hutolewa siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi aseme, na siku yenyewe mnahitaji mashahidi wawili na vitambulisho. Harusi ya ofisini asubuhi ya Alhamisi, kisha chakula cha watu 40 nyumbani, ni harusi kamili, na nimeona za namna hiyo zilizokuwa na furaha kuliko za uwanja mzima. Waislamu watakwenda kwa kadhi. Wakatoliki waliokaa pamoja miaka mingi bila baraka waulizie parokiani kuhusu harusi ya pamoja, ambapo jozi kadhaa hufunga ndoa katika misa moja, na kila familia ikala kwake au zikachanga chakula. Sijui kwa nini watu huionea haya. Kwaya ni moja, maua ni yaleyale, na gharama hugawanywa. Wa ndoa ya kimila nao, tangu Agosti 2017 ndoa hizo zinasajiliwa, na taarifa inatakiwa kwa msajili ndani ya miezi mitatu baada ya taratibu kukamilika. Andikeni tarehe ya mwisho kwenye kalenda siku ileile ya ngurario.

Yaliyobaki ni mepesi. Waridi la Naivasha lililokataliwa na soko la nje kwa sababu shina lake ni fupi ni lilelile kwa macho ya mgeni, na mezani shina refu hukatwa vilevile. Mnunue jioni ya kabla ya harusi, mkate mashina kwa mshazari, myaloweke ndani ya ndoo mahali penye baridi. Karibu na Siku ya Wapendanao msijaribu. Bogenvilia ya uani itawatosha. Gauni kodini, na mkalijaribu mkiwa mmevaa viatu vya siku hiyo. Wasimamizi wavae kitenge au rangi moja ya nguo walizonazo, badala ya kushonewa sare za kuvaliwa siku moja. Gari la bi harusi liwe la rafiki, lioshwe. Huku Bonde trekta iliyopambwa haimshangazi mtu, na ina faida ya kupita kwenye tope.

Mpiga picha ni mmoja kati ya watu wawili ambao ningewalipa vizuri. Mwingine nimeshamtaja, ni mpishi. Mwambieni achague saa ya picha kwanza, ibada ipangwe kuizunguka. Ukingo wa Menengai saa kumi na moja jioni una mwanga ambao haulipiwi mapambo, ila upepo wake hupeperusha shela, basi chukueni pini. Mbuga ya Ziwa Nakuru inatoza kila kichwa pamoja na gari, na msafara wa watu 20 utaumia langoni. Kituo cha kutazamia Ziwa Elementaita, kando ya barabara kuu, kinawapa maji na milima bila hayo yote. Kwa watoa huduma wote, mpiga picha, mwenye hema, mwenye spika: arbuni isizidi nusu, makubaliano yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu, saa ya kufika itajwe, na salio lilipwe kazi ikikamilika. Anayedai pesa yote mwezi mmoja kabla, mshukuruni mtafute mwingine.

Jumatatu baada ya harusi kamati ikutane mara ya mwisho. Sufuria na viti vihesabiwe na kurudishwa siku hiyo, kwa sababu wenye navyo hutoza kila siku inayozidi. Mhazini asome mapato na matumizi mbele ya wazazi wa pande zote, risiti zikiwa mkononi. Kilichobaki wapewe maharusi, hata kama ni shilingi 800. Halafu mmoja wenu aulizie cheti cha ndoa, ahakikishe majina yameandikwa kama yalivyo kwenye vitambulisho, herufi kwa herufi, kabla ya kutia sahihi kukipokea. Kosa la herufi moja husahihishwa kwa urahisi siku hiyo. Miaka kumi baadaye, mkiwa mnadai mirathi au mnatafuta pasipoti, litawagharimu kiapo, wakili na safari kadhaa. Toeni nakala mbili, moja ikae kwa mama.